Mama Kayai Bila Kayai: Familia na Kukua kwa Mtoto katika Futuhi za Runinga ya Kenya

Hebu tuanze na jina. Katika jamii nyingi za Kenya mwanamke akishajifungua huacha kuitwa kwa jina lake mwenyewe na badala yake huitwa kwa jina la mwanawe. Ndiposa mke wa Mzee Ojwang' katika kipindi cha Vitimbi akaitwa Mama Kayai. Jina hilo lilitamkwa kwenye runinga ya taifa kwa miongo kadhaa, likaingia matatuni, sokoni na hata katika majibizano ya watu waliooana. Lakini muulize mtazamaji yeyote wa enzi hizo akusimulie habari za Kayai mwenyewe. Alisomea wapi? Alibaleghe lini? Alimkosea nani, na nani akamsamehe? Utaona anavyocheka kwanza, kisha anavyonyamaza.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba katika futuhi za runinga ya Kenya mtoto alikuwa jina, kisha akawa hesabu, kabla hajawa mhusika. Safari hiyo ilichukua takriban miaka 30. Ninaamini inamhusu mwalimu wa fasihi moja kwa moja, kwa sababu maudhui ya malezi na familia tunayafundisha kila mwaka, na kila mwaka watahiniwa wetu huyaandikia mahubiri badala ya uhakiki.

Runinga ilianza kuonyeshwa nchini mwaka wa 1962. Mwaka wa 1964 shirika la utangazaji lilitwaliwa na serikali na kuitwa Sauti ya Kenya, yaani VoK, na mwaka wa 1989 likarudia jina la KBC. Hadi KTN ilipoanza mwaka wa 1990, Wakenya wote waliokuwa na runinga walitazama kituo kimoja. Jambo hili lina uzito wa kifasihi. Futuhi iliyoonyeshwa katika miaka hiyo haikuwa na hadhira ya vijana peke yao au wazee peke yao. Baba, mama, mjomba aliyekuja kutafuta kazi, yaya na watoto waliketi mbele ya kioo kimoja, na katika miji midogo kama Kimana kioo chenyewe mara nyingi kilikuwa cha dukani au hotelini, kikiendeshwa kwa betri ya gari, antena ikiwa juu ya mti mrefu uliozungushwa na kijana mmoja huku wengine wakimpigia kelele kutoka ndani. Mchezo uliochezwa mbele ya hadhira kama hiyo ulilazimika kumchekesha kila mtu bila kumfedhehesha yeyote mbele ya mkwewe.

Vitimbi kilizaliwa katika mazingira hayo miaka ya 1980. Mhimili wake ulikuwa ndoa. Mzee Ojwang' Hatari, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kudanganywa, alikabiliana wiki baada ya wiki na mke asiyekubali kumezwa. Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, hakuwa mke wa kulialia. Alijua kunyamaza mpaka mumewe ajikwae kwa maneno yake mwenyewe, kisha akamwinua kwa sentensi moja iliyomwacha chini zaidi. Mhakiki anayetafuta kielelezo cha mwanamke jasiri katika sanaa ya Kiswahili nchini hana haja ya kuishia kwenye vitabu.

Sasa angalia muundo. Kila kipindi kilianza pale pale. Kosa la wiki iliyopita lilikuwa limesahaulika. Deni lililoleta vurugu halikutajwa tena. Aliyefukuzwa alikuwa amerudi. Mzee Ojwang' hakujifunza lolote, na tungesikitika kama angejifunza, kwa maana kesho yake hangekuwa na la kutuchekesha. Hii ndiyo kanuni ya futuhi ya mfululizo: wahusika ni bapa kwa makusudi, na wakati hausongi mbele. Katika nyumba ambamo wakati hausongi, mtoto hana nafasi. Mtu mzima anaweza kubaki alivyo kwa miaka kumi na mtazamaji asishtuke. Mtoto hawezi. Meno yanang'oka, sauti inakatika, kaptula inafupika. Ukimweka mtoto jukwaani umeweka kalenda.

Wamarekani waligundua jambo hili mapema. Katika I Love Lucy, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka wa 1951, wana ndoa wawili walikuwa hawana mtoto hadi mwigizaji Lucille Ball alipopata ujauzito kwelikweli. Wenye kipindi wakaamua kuuingiza katika hadithi, japo kituo cha CBS hakikutaka neno lenyewe la ujauzito litamkwe hewani. Kipindi cha kuzaliwa kwa mtoto wa kubuni kilionyeshwa tarehe 19 Januari 1953, siku ile ile Ball alipojifungua mtoto wake mwenyewe. Wakati ulikuwa umeingia nyumbani kwa nguvu, kupitia mwili wa mwigizaji. Baadaye The Cosby Show, ya mwaka wa 1984 hadi 1992, iliufanya wakati huo kuwa mtaji: watoto watano walionekana wakirefuka na kuondoka nyumbani mmoja mmoja.

Huku kwetu mtoto aliingia kwenye runinga kwa mlango mwingine kabisa, nao ni mlango wa hesabu. Mwaka wa 1987 VoK ilionyesha mchezo wa mfululizo ulioitwa Tushauriane, na redioni ukasikika Ushikwapo Shikamana. Yote miwili ilibuniwa kwa nia ya kuwahimiza wananchi wapange uzazi. Nia hiyo ilikuwa na sababu. Uchunguzi wa mwaka wa 1977 na 1978 ulikuwa umeonyesha kwamba mwanamke wa Kenya, kwa wastani, angejifungua watoto 8.1 katika maisha yake, kiwango cha juu sana hata kwa kulinganisha na dunia nzima. Kufikia mwaka wa 1989 wastani huo ulikuwa 6.7, mwaka wa 1993 ukawa 5.4, na uchunguzi wa mwaka wa 2022 uliutaja kuwa 3.4. Sidai kwamba mchezo wa runinga ndio ulioleta mabadiliko hayo. Elimu ya wasichana, zahanati na bei ya ardhi vilifanya kazi kubwa zaidi. Ninalotaka ulione ni namna mtoto alivyotazamwa. Katika mchezo wa kampeni mtoto ni mzigo au baraka, wengi mno au wachache wa kutosha. Anahesabiwa. Hasemi. Kwa mwalimu wa fasihi hii ni tofauti ya msingi, kwani dhamira inaweza kuwa juu ya watoto ilhali hakuna mtoto hata mmoja aliye mhusika.

Nirejee Vitimbi kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo wahakiki wetu hulipita haraka mno, nalo ni lafudhi. Mzee Ojwang' alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, sauti ya sh ikigeuka s na z ikifuata njia hiyo hiyo. Aliyemwigiza ni Benson Wanjau, ambaye hakuwa Mjaluo, alikuwa Mkikuyu. Kwa miongo kadhaa ya siasa zilizowagombanisha watu wa jamii hizo mbili, hadi kwenye machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, baba aliyependwa zaidi kwenye runinga alikuwa Mjaluo aliyebebwa na mwili wa Mkikuyu. Wapo walioona lafudhi hiyo kuwa dhihaka kwa kabila, na hoja yao si ya kupuuzwa. Futuhi zetu zimetumia lafudhi kwa uvivu mara nyingi, kana kwamba kutamka vibaya ni kichekesho tosha. Hata hivyo, kwa Ojwang' naona kitu zaidi ya dhihaka. Kiswahili chake kilikuwa kibovu lakini kilitosha kugombana, kubembeleza, kudai chakula na kuomba msamaha. Kiliwaonyesha watazamaji kwamba lugha hii inaweza kukaa jikoni.

Hapa ninalazimika kutaja ninapofundishia. Kimana, kusini mwa Kajiado chini ya Mlima Kilimanjaro, ni mji wa ng'ombe, nyanya na vitunguu, na watu wake wametoka kila upande. Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 katika sensa ya mwaka wa 2009. Mwaka wa 2019 walikuwa 1,117,840. Kitengela, upande wa Nairobi, ndiko ongezeko hilo linakoonekana kwa macho, lakini hata huku kwenye mashamba ya kunyunyiziwa maji darasa moja lina Wamaasai, Wakamba, Wakikuyu, Wachaga waliovuka mpaka zamani na watoto ambao mama ni huyu na baba ni yule. Kwa hao wa mwisho Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani. Kwa wengi wa wengine, nyumbani ni Kimaa, na Kiswahili ni cha shuleni, sokoni na kanisani. Mwanafunzi wa namna hii anapokutana na tamthilia ambamo mume na mke wanagombana kwa Kiswahili sanifu, humwia vigumu kusikia ugomvi. Anasikia somo. Aliyewahi kuwasikia Ojwang' na Mama Kayai anajua kwamba nyuma ya mistari ile kuna watu wenye mate mdomoni.

Tupige hatua hadi Papa Shirandula, futuhi ya Citizen iliyotamba kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliigiza baba ambaye kazi yake ni ulinzi. Ni askari wa langoni. Nyumbani, hata hivyo, mkewe Wilbroda, aliyeigizwa na Jacky Nyaminde, ameaminishwa kuwa mumewe ana kazi ya ofisini. Suti inavaliwa nyumbani na sare inavaliwa kazini. Kichekesho chote kinategemea mavazi mawili na mtu mmoja anayekimbia kati yake.

Kwa mtahiniwa anayetaka kuelewa kinaya cha kimaigizo sijapata mfano ulio bora. Mtazamaji anajua, mke hajui, wafanyakazi wenzake wanajua na wanaweza kumponza wakati wowote. Lakini zaidi ya mbinu, tazama jambo lenyewe. Kwa nini baba huyu adanganye? Hakuiba. Hana mke wa pili mafichoni. Anaficha kazi halali. Aibu yake inatokana na picha ya baba ambayo jamii imemchorea: baba ni yule mwenye meza na kalamu. Futuhi inacheka uongo wa Papa, na ukitazama vizuri utaona inacheka pia picha hiyo.

Nimeona darasa likigawanyika juu ya kichekesho hiki. Wanaume wengi kutoka kusini mwa Kajiado wamekwenda mijini kufanya kazi ya ulinzi, hasa ukame unapomaliza mifugo. Kwa hiyo katika darasa langu wamo watoto wa askari wa langoni. Wengine wanacheka kwa sauti. Wengine wanacheka wakitazama meza. Swali nililowahi kuliuliza ni hili: je, mtoto wa Papa Shirandula akigundua ukweli atafanya nini? Majibu yalinifundisha kuliko mwongozo wowote wa mwalimu. Walio wengi walisema mtoto atanyamaza, atamsaidia baba kuficha. Hawakusema atamkabili, wala hawakusema atamdharau. Kijana mmoja alieleza kwamba anayelipiwa karo na sare ile hana haki ya kuicheka. Huo ni uhakiki, mpenzi msomaji, na haukutoka kwenye orodha ya sifa za mhusika.

Ndipo katika miaka ya 2010 ikaja Machachari, pia kwenye Citizen, na kwa mara ya kwanza katika futuhi iliyopendwa kitaifa watoto walikuwa mhimili. Govi, Baha na Almasi hawakuwa mapambo ya nyumba ya wazazi. Vituko vilikuwa vyao, na urafiki wao uliruka ukuta uliopo kati ya nyumba ya mwenye nacho na ya asiye nacho. Zingatia pia kwamba humo alikuwamo Mama Baha. Jina la mama bado limefungwa kwa mtoto, kama ilivyokuwa kwa Mama Kayai, lakini safari hii mtoto mwenyewe yuko sebuleni, anasema, anakosea, anaadhibiwa. Jina limepata mwenyewe.

Na wakaanza kukua. Hakuna mwandishi aliyeweza kuwazuia. Waliotazama mfululizo ule tangu mwanzo waliwaona watoto wakiwa wavulana vijana, sauti zikiwa zimezama, na vituko vya zamani vikianza kuwabana kama nguo za mwaka jana. Mtoto wa miaka minane akimdanganya mama kuhusu sukari tunacheka. Kijana wa miaka kumi na sita akimdanganya mama, hatuna hakika tena kama ni kichekesho. Futuhi ilifika mahali ambapo Vitimbi haikuwahi kufika: mzaha ule ule ulibadilika maana kwa sababu aliyeufanya amebadilika.

Wanafunzi wa Kimana walikuwa na la kusema hapa ambalo pengine mtoto wa Nairobi hangeliwaza. Kwa Wamaasai kukua hutangazwa. Kuna Enkipaata, inayowaandaa wavulana kabla ya tohara. Kuna Eunoto, ambapo morani hunyolewa na kuvuka kuelekea utu uzima. Na kuna Olng'esherr, inayofunga umorani na kufungua uzee. Mwaka wa 2018 UNESCO iliziingiza sherehe hizo tatu katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Mtu hakui peke yake. Anakua na rika lake, na siku inajulikana. Katika futuhi ya runinga hakuna siku. Mtoto anarefuka kimyakimya kati ya kipindi hiki na kile, na wazazi wake wa kubuni hugundua baadaye, kwa mshtuko, kama wazazi wengi wa mjini wanavyogundua.

Msichana je? Kijadi alivushwa kwa tohara, na mara nyingi kuozwa kukafuata upesi. Tohara hiyo ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka wa 2011, ingawa haijaisha. Kwa msichana aliyeepuka kisu, jamii bado haijamaliza kubuni namna ya kumwambia kuwa amekua. Kumwona msichana kwenye runinga akisoma, akigombana na kaka zake, akirefuka mwaka hadi mwaka bila mtu yeyote kumtafutia mume, si jambo dogo kwa mtazamaji wa kidato cha pili huku kwetu. Ninaposikia wenzangu wakisema vipindi hivi vinawapotezea wanafunzi wakati, huwa nataka kuwauliza ni kitabu gani katika maktaba yao kinachomwonyesha msichana huyo akiwa hana msiba wowote.

Na vitabu teule vinaingia wapi? Nichukue Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Sara na Yona ni wazazi waliozeeka. Mabinti zao wamekua. Malezi yamegeuka na sasa mzazi ndiye anayehitaji kulelewa. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu malezi hukimbilia kuandika kwamba wazazi wanapaswa kuwalea watoto wao vyema, kisha anataja mifano mitatu. Alama hazipatikani hapo. Afadhali kwanza ajiulize maswali ambayo futuhi zimemzoesha: ni nani anayetajwa mara nyingi lakini hapewi nafasi ya kusema? Wakati unasonga au umesimama? Yona alivyo sasa ametokana na nini kilichosemwa na majirani kuhusu nyumba isiyokuwa na mtoto wa kiume? Atagundua kwamba katika nyumba hiyo pia watoto waliwahi kuhesabiwa kabla ya kusikilizwa, na kwamba hesabu hiyo ndiyo iliyomfikisha baba kwenye pombe.

Tahadhari moja kwa mtahiniwa. Usimtaje Mzee Ojwang' wala Papa Shirandula katika jibu la tamthilia. Swali linauliza kitabu, na mtahini hana pa kukupa alama za runinga. Futuhi ikunoe jicho, kisha uliache jicho hilo lisome maandishi. Mwalimu naye asigeuze kipindi cha fasihi kuwa sinema. Dakika kumi za Vitimbi, ambavyo vipindi vyake kadhaa vinapatikana mtandaoni, zinatosha kufundishia mhusika bapa, na muhula mzima hautaongeza kitu.

Benson Wanjau alifariki Julai 2015, miezi michache baada ya mitambo ya zamani ya runinga kuanza kuzimwa ili kupisha utangazaji wa dijitali. Wananchi walikuwa wamewahi kumchangia pesa za kutibiwa macho. Magazeti yalipotangaza kifo chake mengi yalimwita Mzee Ojwang', nasi tulimlilia kwa jina hilo, kama mtu anavyoliliwa kwa jina alilopewa na watoto wake.

Muhula mmoja nilikipa kidato cha tatu zoezi la insha ya mazungumzo: Kayai amefika umri wa miaka kumi na minane na amerudi nyumbani kwa wazazi wake. Andika mazungumzo yao. Sikusema kama Kayai ni mvulana au msichana. Zaidi ya nusu ya darasa walimfanya msichana. Wengi walimpa Kiswahili safi kuliko cha baba yake, na katika insha kadhaa anaanza kumsahihisha matamshi, kisha anaacha. Katika insha moja Mzee Ojwang' anamfungulia mlango, hamtambui, na kumuuliza anamtafuta nani. Kayai anajibu kwamba anamtafuta mama yake. Ojwang' anageuka na kuita ndani kwa sauti kuu, na jina analoliita, bila kujua amelisema, ndilo la binti aliyesimama mbele yake.